Mafua ya Sungura: Kutoka Maabara hadi Sebuleni

Ugonjwa ambao wafugaji wameuita mafua ya sungura kwa zaidi ya karne moja ni uambukizo wa njia ya hewa unaoanza kwa chafya chache na kamasi nyepesi, ambayo baadaye hugeuka kuwa nzito na nyeupe, na ambao kwa wanyama wengi hauponi kabisa bali hutulia kwa wiki au miezi kisha ukarudi. Dalili yake iliyo rahisi kutambua iko miguuni. Sungura hujisafisha uso kwa miguu ya mbele, na anapougua mafua manyoya ya upande wa ndani wa miguu hiyo hushikana na kukakamaa kwa kamasi iliyokauka, kiasi kwamba mfugaji mzoefu huigeuza na kuikagua miguu kabla ya kuitazama pua. Historia ya ugonjwa huu kwa sehemu kubwa ni historia ya wafugaji wenyewe, kwa kuwa kilichobadilika zaidi tangu vijidudu vyake vitambuliwe ni swali ambalo watu walijiuliza kila walipomsikia sungura akipiga chafya.

Ugumu wa kuutibu unatokana kwanza na umbile la mnyama huyo. Kidaka tonge cha sungura, yaani kifuniko kidogo kinachozuia chakula kuingia katika njia ya hewa, hukaa juu ya kaakaa laini, hivyo hewa hupita puani peke yake, na sungura anayeonekana akipumua kwa mdomo huwa tayari yuko katika hatari kubwa. Mnyama huyo akiwa ametulia huvuta pumzi kati ya mara 30 na 60 kwa dakika, na kila pumzi hupita kwenye vifupa vyembamba vilivyojikunja ndani ya pua na kufunikwa na utando laini, ambamo vijidudu hupata maficho ya kudumu. Mizizi ya meno ya juu imepakana na njia hiyo, mfereji wa machozi hupita kando yake, na mrija mwembamba huunganisha koo na sikio la kati. Ndiyo maana uambukizo ulioanzia puani huweza kujitokeza jichoni kama machozi yasiyokatika, au kuingia sikioni na kumfanya mnyama apinde kichwa upande mmoja na kupoteza mizani. Zaidi ya hayo, chembe nyeupe za damu za sungura zina upungufu wa kimeng'enya ambacho kwa wanyama wengine husaidia kuufanya usaha uwe majimaji, hivyo usaha wake hubaki mzito mithili ya dawa ya meno, hautiririki wala haukauki upesi, na dawa inayoletwa na damu hupata shida kupenya katikati yake.

Sungura wote wa kufugwa duniani wametokana na jamii moja ya porini iliyokuwa ikiishi katika rasi ya Iberia, yaani Hispania na Ureno za leo, pamoja na kusini mwa Ufaransa. Warumi walifuga wanyama wa jamii hiyo na jamaa zao katika bustani zilizozungushiwa kuta, na Varro, mwandishi wa kilimo aliyeandika mwaka 37 kabla ya Kristo, alizieleza bustani hizo kama sehemu ya mali ya shamba. Kwa karne nyingi baadaye, ufugaji ulikuwa wa kuwazungushia wanyama uwanja na kuwaacha wachimbe mashimo yao. Kizimba cha mbao, ambamo sungura hukaa juu ya matandiko yaliyolowa mkojo na kuvuta hewa ileile anayoitoa jirani yake, kilienea polepole, kikawa jambo la kawaida katika karne ya 19, wakati wafanyakazi wa miji ya Uingereza walipofuga sungura kwa ajili ya nyama na pia kwa mashindano ya uzuri wa masikio, rangi na manyoya. Vitabu vya ufugaji vya wakati huo vililaumu baridi, unyevu na upepo unaopenya vizimbani, vikashauri matandiko makavu, na kwa mnyama ambaye chafya zake hazikukoma vilishauri achinjwe kabla hajawaambukiza wengine. Ushauri huo wa mwisho ulidumu kwa miaka 100 bila kupingwa na wengi.

Elimu ya vijidudu ilimfikia sungura kwa njia ya kuku. Mnamo mwaka 1879 Louis Pasteur alianza kuchunguza kipindupindu cha kuku, maradhi ambayo yangeweza kufagia banda zima kwa siku chache, akitumia vijidudu alivyoletewa na daktari wa mifugo Henry Toussaint. Mwaka uliofuata alitangaza kwamba vijidudu vilivyokaa muda mrefu katika chombo cha kukuzia hupungua ukali na huweza kumkinga kuku, na kwa tangazo hilo msingi wa chanjo za maabara ukawekwa. Wakati huohuo, nchini Ujerumani, Robert Koch alikuwa ameeleza mwaka 1878 jinsi damu ya sungura inavyoweza kuvamiwa na vijidudu, na mwenzake Georg Gaffky akaendeleza uchunguzi huo mwaka 1881. Nchini Marekani, Theobald Smith naye alichunguza kijidudu cha sungura katika miaka ya 1880. Mwaka 1887 Mwitalia Trevisan alilipa kundi hilo la vijidudu jina la Pasteurella kwa heshima ya Pasteur. Ilikuja kudhihirika baadaye kwamba kijidudu kilichoua kuku wa Ufaransa na kile kilichokaa katika pua za sungura wanaopiga chafya ni vya aina moja.

Udugu huo wa vijidudu ulitoa tukio ambalo ni vigumu kulisoma leo bila kuhuzunika. Sungura walioachiwa huru katika koloni la Victoria mwaka 1859 walikuwa wameenea sehemu kubwa ya mashariki mwa Australia na kumaliza malisho ya kondoo, na mwaka 1887 serikali ya New South Wales ilitangaza zawadi ya pauni 25,000 kwa yeyote atakayeleta njia ya kuwaangamiza. Pasteur, ambaye wakati huo alihitaji fedha za kukamilisha taasisi yake mjini Paris, alipendekeza vijidudu vya kipindupindu cha kuku vitiwe katika chakula cha sungura. Jaribio la kwanza lilifanywa mwezi Desemba mwaka huo katika shamba la mjane Pommery, mwenye kampuni ya mvinyo mjini Reims, ambako sungura wake walikuwa wakiharibu paa za maghala ya chini ya ardhi. Majani yalimwagiwa mchuzi wenye vijidudu, na baada ya siku chache sungura walikutwa wamekufa. Mwaka 1888 mpwa wa Pasteur, Adrien Loir, alisafiri hadi Sydney, akajengewa maabara katika kisiwa kidogo cha Rodd ndani ya bandari, na huko majaribio yakasimamiwa na tume iliyoundwa na makoloni kadhaa.

Tume iliona kwamba sungura aliyekula chakula chenye vijidudu alikufa, lakini wenzake waliokaa naye kwa sehemu kubwa walisalimika, na juu ya hayo kulikuwa na hatari ya kuua kuku na ndege wengine, kwa hiyo mpango ukakataliwa. Jambo linalostahili kuzingatiwa hapa ni tofauti ya tabia. Vijidudu vya kuku vilimuua sungura upesi mno visipate nafasi ya kuhamia kwa mwingine, ilhali vijidudu vya aina hiyohiyo vilivyozoea pua ya sungura vilikuwa tayari vikipita kwa utulivu kutoka kwa mama hadi kwa watoto wake katika vizimba vya Ulaya na Marekani, bila kuua wengi na bila kumwacha karibu yeyote. Kijidudu kinachomwacha mnyama hai akiendelea kupiga chafya ndicho kinachofika mbali. Pasteur alitafuta silaha ya vita, na historia ilikuja kuonyesha kwamba tatizo la kweli la sungura wa kufugwa lilikuwa maradhi ya kuishi nayo.

Uchunguzi wa kina wa maradhi hayo ulikuja pale yalipoanza kuwasumbua wanasayansi. Mwanzoni mwa karne ya 20 sungura alikuwa mmoja wa wanyama waliotegemewa zaidi katika maabara, kuanzia utengenezaji wa chanjo ya kichaa cha mbwa hadi utafiti wa kaswende, na mafua yaliharibu majaribio yasiyohesabika, kwa kuwa mnyama aliyechomwa sindano ya jaribio moja alikufa kwa nimonia ambayo haikuhusiana nalo. Taasisi ya Rockefeller mjini New York ndiyo iliyolishughulikia suala hili kwa muda mrefu. Mwaka 1921 Paul de Kruif alieleza kwamba katika chombo kimoja cha kukuzia kijidudu cha sungura huweza kukaa pamoja makundi mawili, moja kali na jingine pole, ingawa yametokana na chanzo kimoja. De Kruif aliondolewa katika taasisi hiyo mwaka 1922 baada ya kuandika makala za kuikosoa taaluma ya udaktari, akamsaidia Sinclair Lewis kwa maarifa ya kisayansi katika riwaya ya Arrowsmith iliyotoka mwaka 1925, na mwaka 1926 akatoa kitabu chake maarufu cha wawindaji wa vijidudu. Wasomaji wengi waliovutwa na sayansi kwa vitabu hivyo hawakujua kwamba mwandishi aliwahi kuchunguza maradhi ya sungura.

Leslie Webster, mtafiti wa taasisi hiyohiyo, ndiye aliyeliweka swali mahali pake katikati ya miaka ya 1920. Badala ya kusubiri sungura afe ndipo ampasue, aliwafuatilia wanyama wakiwa hai kwa kuchukua kamasi kutoka puani mwao mara kwa mara kwa miezi mingi, na kuandika nani ana vijidudu, nani hana, nani anapiga chafya na nani yuko kimya. Orodha hizo zilionyesha kwamba sungura wengi wazima walibeba vijidudu bila dalili yoyote, hali ambayo wataalamu huiita ubebaji, na kwamba baadhi ya wabebaji waliugua baadaye huku wengine wakiishi salama. Alipotia kiasi kilekile cha vijidudu katika pua za sungura wenye afya, matokeo yalitawanyika: mmoja alivifukuza, wa pili akawa mbebaji, wa tatu akapata mafua, wa nne akafa kwa nimonia. Hitimisho lake lilikuwa kwamba hatima ya mnyama haiamuliwi na kijidudu peke yake, bali pia na uwezo wa mwili wake wa kustahimili, na kwamba uwezo huo hutofautiana kati ya mnyama mmoja na mwingine.

Inasikitisha kwamba maarifa hayo, ambayo mtu anayeishi na sungura mwenye mafua angeyahitaji kuliko mtu mwingine yeyote, yalibaki katika majarida ya kitabibu kwa nusu karne. Sababu haikuwa uvivu wa madaktari wa mifugo. Ugonjwa sugu, yaani ule unaodumu miezi na miaka, huonekana tu kwa mnyama anayeachwa aishi miezi na miaka. Sungura wa nyama huchinjwa akiwa na umri wa takriban wiki 10 hadi 12, na sungura wa maabara huuawa jaribio linapokwisha. Kwa wafugaji wa aina zote mbili jibu la busara lilikuwa kumwondoa mgonjwa, na baadaye, kuanzia nusu ya pili ya karne ya 20, kufuga makundi yaliyozalishwa bila vijidudu hivyo na kulindwa nyuma ya milango miwili, hewa iliyochujwa na mavazi maalumu. Hata jina la kitaalamu linalotumika leo, Pasteurella multocida, ambalo neno lake la pili lina maana ya muuaji wa wengi, lilithibitishwa mwaka 1939 na Rosenbusch na Merchant kwa kuunganisha vijidudu vya kuku, ng'ombe, nguruwe na sungura chini ya jina moja, kwa kuvutiwa na vifo vya mifugo zaidi ya kero ya pua inayotiririka.

Hali hiyo ilidumu mpaka sungura alipoingia nyumbani. Watoto wa Ulaya na Marekani walikuwa na sungura wa kucheza nao tangu karne ya 19, lakini wanyama hao walikaa nje, mwisho wa bustani, na wengi hawakuishi muda mrefu. Mwaka 1985, katika jimbo la California, Marinell Harriman alichapisha House Rabbit Handbook, kitabu kilichoeleza namna ya kuishi na sungura ndani ya nyumba, akifunzwa kutumia chombo cha choo na kupewa uhuru wa kutembea sebuleni, na mwaka 1988 ikaundwa House Rabbit Society iliyochukua sungura waliotelekezwa na kuwatafutia familia. Sungura wa namna hiyo, akifungwa kizazi na kulishwa vizuri, huishi miaka 8 hadi 12. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na maelfu ya watu waliosikia chafya za mnyama yuleyule usiku baada ya usiku kwa miaka, wenye nia na fedha za kumpeleka kwa daktari, na wasiokubali kuambiwa wamchinje.

Madaktari walioulizwa hawakuwa na mengi ya kutoa. Penisilini, iliyookoa wanyama wengi wengine, ikipewa sungura kwa mdomo huua vijidudu vyenye manufaa tumboni mwake na kuvipisha vingine vinavyotoa sumu, hata mnyama akafa kwa kuharisha wakati pua yake inapona. Kwa sindano hutumika kwa usalama zaidi. Enrofloksasini, dawa iliyoenea katika tiba ya mifugo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, ndiyo iliyoleta nafuu kubwa ya kwanza, kwa kuwa tumbo la sungura huivumilia na inaweza kutolewa kwa wiki nyingi. Hata hivyo ilionekana mapema kwamba kukauka kwa pua hakumaanishi kutoweka kwa vijidudu, kwani mara nyingi chafya zilirudi baada ya dawa kusimamishwa. Chanjo za kuaminika zilipatikana dhidi ya ugonjwa wa miksomatosisi na dhidi ya ugonjwa wa kutoka damu uliogunduliwa China mwaka 1984, lakini kwa mafua ya pasterela hakuna chanjo iliyokubalika kwa matumizi ya kawaida ya sungura wa nyumbani.

Muda mrefu wa maisha ya wagonjwa hao ulifichua pia kwamba jina mafua lilikuwa limefunika mambo mengi yasiyofanana. Uchunguzi wa kamasi ulionyesha vijidudu vingine, kama vile Bordetella, Staphylococcus na Pseudomonas, peke yake au pamoja na pasterela. Nchini Uingereza, katika miaka ya 1990, daktari wa mifugo Frances Harcourt-Brown alichunguza meno ya sungura wa nyumbani na kuonyesha jinsi chakula cha mchanganyiko wa nafaka, ambacho mnyama huchagua vipande vitamu na kuacha vyenye madini, kilivyoambatana na udhaifu wa mifupa na meno yaliyopinda. Meno ya sungura hukua maisha yake yote, yale ya mbele kwa takriban milimita 2 hadi 3 kwa wiki, na yasiposagwa kwa kutafuna majani magumu mizizi yake hurefuka kuelekea juu, hubana mfereji wa machozi na hatimaye huingilia njia ya pua. Sungura wa namna hiyo anaweza kutibiwa kwa dawa za kuua vijidudu mwaka mzima bila kupona, maana chanzo cha chafya zake kimo katika bakuli la chakula. Picha za eksirei, na baadaye za tomografia zinazoonyesha fuvu kipande kwa kipande, zimewawezesha madaktari kumtambua mapema.

Katika Afrika Mashariki, ambako sungura wa kufugwa waliletwa na Wazungu na ambako nchini Kenya serikali imeendesha kituo cha kuzalisha mbegu za sungura huko Ngong, mnyama huyo amebaki hasa wa nyama na wa biashara ndogo ya familia, na mafua hukabiliwa kwa njia ya kale ya kumtenga mgonjwa au kumchinja. Njia hiyo ina mantiki yake pale ambapo banda zima ndilo karo ya watoto. Lakini mambo mawili yaliyojulikana kwa sungura wa sebuleni yana faida vilevile kwa banda la nyuma ya nyumba. La kwanza ni mkojo: vijidudu vya matandiko huugeuza kuwa amonia, gesi yenye harufu kali inayochoma utando wa pua na kuudhoofisha, na kwa kuwa sungura huishi karibu na sakafu huivuta zaidi ya mtu anayesimama mlangoni, hivyo banda linalomwasha mtu macho anapoinama limekwisha kuwa kali mno kwa anayelala ndani yake. La pili ni nyasi kavu zenyewe, ambazo ni tiba ya meno na tumbo lakini zikiwa na vumbi au ukungu huchochea chafya, kwa hiyo hukung'utwa nje kabla ya kuwekwa.

Utunzaji wa mgonjwa sugu, kama unavyofundishwa leo katika tiba ya sungura, umejengwa juu ya mambo madogo yanayorudiwa. Sampuli huchukuliwa kutoka ndani kabisa ya pua kwa kijiti chembamba, mnyama akiwa amelazwa kwa dawa, ili dawa ichaguliwe kwa kijidudu kilichomo na si kwa kubahatisha. Pua hufutwa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, kwa sababu sungura asiyeweza kunusa chakula huacha kula, na tumbo lake likisimama kwa saa chache tu huwa hatarini. Mvuke wa maji ya chumvi, wakati mwingine pamoja na dawa, hupulizwa kwa mashine ndogo ndani ya kisanduku ambamo mnyama hukaa dakika kadhaa, ili ute ulegee na atoe mwenyewe kwa chafya kile ambacho damu haikuweza kukifikia. Dawa za kupunguza uvimbe za jamii ya steroidi huepukwa, kwa kuwa hushusha kinga na kuyaamsha maradhi yaliyotulia.

Suala linalobaki gumu ni la mwenzake. Sungura ni mnyama wa jamii, hulala akiwa amegusana na mwenzake na kulambana naye usoni, hasa kuzunguka macho na pua, na kwa tabia hiyo vijidudu hupita bila kizuizi. Kwa muda mrefu kanuni ilikuwa kuwatenganisha mara chafya ya kwanza inaposikika, kama ilivyofanywa katika mabanda. Madaktari wengi sasa hushauri wawili waliokwisha kuishi pamoja waachwe pamoja, kwa hoja ambayo orodha za Webster zinaiunga mkono: mwenza asiye na dalili yaelekea ameshavibeba vijidudu hivyo, na utengano unaokuja baadaye haumwondolei chochote, ilhali fadhaa ya kutengwa huwashusha wote wawili kinga na hamu ya kula. Utengano hubaki kwa sungura mgeni, ambaye huwekwa katika chumba chake kwa wiki kadhaa na kukaguliwa pua na miguu ya mbele kila siku kabla ya kuwaona wenyeji.